Mashine Imejilipa

Saa kumi na moja alfajiri, umeme ukiwa umekatika tangu jana yake, ganda moja la risasi lilidondoka kutoka kwenye sinia la bati pale sebuleni, likagonga sakafu ya saruji. Ting. Likabiringika chini ya meza, likaenda kutulia mlangoni.

Agnela aliamka, akajifunga kanga juu ya sweta, akalifuata gizani. Hakuhitaji tochi. Sakafu za Moshono mwezi wa saba zina baridi ya kuuma, na pale ganda lilipopita palibaki mstari mwembamba wenye joto, ambao nyayo zake ziliufuata mpaka mwisho. Akaliokota kwa upindo wa kanga, akalirudisha kwenye sinia, katikati ya mengine yaliyokuwa baridi. Kisha akaenda kumfunika mwanawe Penina, miaka minne, ambaye hutupa blanketi usingizini na kuamka akiuliza nani kalichukua.

Ganda lile lilikuwa limepigwa mwezi wa tatu. Tangu siku hiyo halijapoa.

Sinia lilikaa juu ya meza ya mashine. Mashine yenyewe ilikuwa ya kujazia risasi. Elieza, mume wa Agnela, aliinunua mwezi wa kwanza kule Kisongo kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga kampuni yake ya uwindaji na kuuza kila kitu, mpaka vikombe vya chai. Ililetwa na kirikuu, ikiwa imefungwa kwa nati juu ya meza yake nzito, pamoja na mizani ndogo ya kupimia baruti iliyoweza kupima hata unyoya wa kuku. Bei ilikuwa milioni mbili, laki nane na elfu hamsini. Laki sita katika hizo zilikuwa ada ya Agnela ya masomo ya jioni. Alikuwa amefika kidato cha tatu, na somo alilolipenda ni hesabu.

"Sikiliza, Mama Penina," Elieza alimwambia siku ile, akigeuza kalenda ya usharika ili aandike nyuma yake. "Risasi mpya dukani ni elfu tisa. Nikijaza mwenyewe hapa nyumbani, inanigharimu elfu tatu na mia tatu. Kwa hiyo kila nikipiga moja nimeokoa elfu tano na mia saba."

"Ina maana ukipiga ndiyo unaokoa."

"Hapo hapo."

"Na usipopiga?"

"Nisipopiga ni hasara."

Agnela alichukua kalamu akagawanya. Jibu lilitoka mia tano kamili, bila baki. Alifurahi, kama mtu anavyofurahi hesabu ikitoka safi, akalizungushia duara. Risasi mia tano, na mashine itakuwa imejilipa.

Elieza alikuwa mlinzi wa shamba la maharage machanga huko Nduruma, yale ya kupelekwa nje kwa ndege. Kazi yake ilikuwa kupiga ngiri na nyani. Kibali cha bunduki alikuwa nacho, na habari ya mashine hakuna aliyemuuliza. Kwa mwaka alizoea kupiga risasi sitini tu, mchana kweupe, kitu ambacho amekiona masikio na mkia. Kwa mwendo huo mashine ingejilipa Penina akiwa darasa la sita.

Rafiki yake Abdiel, fundi wa pikipiki, alikuja kuiona. Akaizunguka, akavuta mpini wake mara mbili.

"Kaka, umenunua kiwanda," alisema. "Bado kununua vita tu."

Walicheka wote, na Agnela alicheka. Ila Elieza alipanga kuimaliza mia tano ndani ya mwaka mmoja. Hiyo ni kama risasi kumi kwa wiki. Akaanza kubaki shambani baada ya saa zake za kazi, jua likishazama nyuma ya mlima, akipiga kila kilichotikisa majani. Na kwa sababu ganda ndilo lenye pesa, maana moja hujazwa hata mara nane, alijizoesha utaratibu: piga, okota ganda, ndipo uende kuona ulichopiga. Shambani hakuacha hata moja. Aliyarudisha nyumbani mfukoni, yakilia kama chenji, na Penina alimsaidia kuyapanga kwenye sinia yakiwa yamesimama, akiyaita wanafunzi.

Risasi ya themanini na nne aliipiga Jumanne moja ya mwezi wa tatu. Usiku huo alikula ugali wake wote, akanawa, ndipo akasema, "Leo nimekosea."

"Umekosea nini?"

"Niliona majani yanatembea kando ya mfereji. Nikajua ngiri. Kumbe ni mtu kabeba mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani."

Agnela alikuwa amempakata Penina aliyekwisha sinzia. Alimshika kichwa, akakielekeza vizuri begani.

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke. Kijana tu."

"Ukafanya nini?"

"Niliokota ganda."

"Halafu?"

"Halafu nilikwenda kuangalia."

"Alikuwa mzima?"

Elieza alifikiri, kama mtu anayetaka kujibu kwa usahihi. "Sikukaa," alisema.

Akalitoa ganda mfukoni, akaliweka kwenye sinia. Aliligusa tena kwa kidole, akasema bado lina moto, litapoa.

Halikupoa. Siku ya tatu alijaribu kulijaza, na baruti ikawaka kabla hajaweka kitu kingine, ikamchukua nyusi moja. Akajaribu wiki iliyofuata, ikachukua ya pili. Akaliweka pembeni, akaandika nyuma ya kalenda: *Moja limekataa. Hasara, mara nane.* Ikaja shilingi elfu arobaini na tano na mia sita. Jambo hilo lilimsumbua kwa siku kadhaa. Mia tano haikuwa tena mia tano.

Maziwa ya nyumba ile yaliletwa na mama mmoja wa Kiarusha kutoka Nduruma, jina lake Resiato. Alifika kila asubuhi na dumu lake la njano, akipima nusu lita kwa kikombe cha bati, akiongeza tone la juu kwa ajili ya mtoto. Mwezi ule wa tatu alipotea siku tisa. Aliporudi alikuwa ametoa hereni zake zote, na matundu ya masikio yalining'inia matupu.

"Shikamoo, yeyo," Agnela alimwamkia, kwa neno la Kimaasai analoitwa mama wa mtu.

"Marahaba, Mama Penina. Mnisamehe kwa maziwa. Nilikuwa nazika. Binti yangu Naisiae, yule aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe."

Agnela alishika sufuria kwa mikono miwili.

"Ng'ombe huyuhuyu?" aliuliza.

"Huyuhuyu. Nina mmoja tu."

Akapima nusu lita, akaongeza tone la mtoto, akaenda zake.

Ndipo ganda likaanza kudondoka. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, ting, na kubiringika mpaka mlangoni, kama mtu anayesubiri kufunguliwa. Elieza alibadilisha sinia, akaweka lenye ukingo mrefu. Liliruka ukingo. Akalifungia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo zima likadondoka na kubiringika, na kelele zikawa mbaya zaidi. Wakaliacha.

Mwezi wa sita baridi ilipoingia, Penina alikohoa, na gesi ikaisha katikati ya mwezi. Agnela alisimama jikoni na sufuria ya maziwa mabichi na mtoto anayekohoa. Akaenda sebuleni, akalichukua lile ganda kwa kibanio, akaliosha kwa sabuni mara tatu, akalitumbukiza kwenye maziwa. Yakachemka kabla hajapata kijiko. Penina akanywa, akafuta mdomo kwa mkono, akalala mpaka saa mbili.

Baada ya hapo walichemshia chai, maji ya kuoga ya mtoto, hata maharage, ingawa maharage yalitaka muda. Elieza aliporudi na kukuta mtungi wa gesi haujajazwa, aliuliza, akaelezwa, akavuta kalenda.

"Mtungi mdogo ni elfu ishirini na nne," alisema. "Unakaa mwezi na nusu. Hiyo ni elfu kumi na sita kwa mwezi." Akafuta neno *hasara* kwa wino mpaka karatasi ikatoboka. "Unaona? Nilikwambia hii mashine haina kinachopotea."

Lakini mwezi wa saba, asubuhi moja ya ukungu, Resiato alikaa kwenye kibaraza badala ya kuondoka. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa juu ya dumu.

"Kesi imekufa, Mama Penina," alisema. "Mashamba manne yanapakana pale kwenye mfereji, kila moja na mlinzi wake na bunduki yake. Kila mmoja anasema si yeye. Risasi ilimtoboa, ikatokea upande wa pili, ikaenda zake majini. Afande anasema, tungepata ganda tu. Ganda lina alama ya bunduki yake, kama mtoto na baba. Walipekua majani siku mbili, hawakuona. Anasema hajaona mahali watu wanapiga risasi na ganda lisibaki."

"Na wazee wa ukoo?"

"Wazee walikaa. Mtu akiuawa kwetu ni ng'ombe arobaini na tisa. Walibishana siku mbili kama mwanamke naye ahesabiwe hivyo, wakakubali, ahesabiwe. Lakini utamdai nani? Huwezi kudai mfereji." Alipuliza vidole vyake. "Mimi hao ng'ombe hata sina pa kuwafunga. Nataka tu mtu aseme, ni mimi. Basi."

Agnela alimwangalia. Alikuwa bado kijana na aliamini kwamba jambo likiwekwa mahali pake, mambo mengine husogea yenyewe kulifuata, kama kwenye hesabu. Alikwenda ndani, akarudi na ganda kwenye kijiko, akamwekea Resiato kiganjani.

Resiato hakuungua. Alifunga ngumi.

"Ni yeye," alisema. "Alikuwa na mikono ya moto tangu mdogo. Ndiyo maana ng'ombe alimwachia maziwa haraka asubuhi. Mimi ananipiga teke."

"Alikuwa anakamua saa ngapi, yeyo?"

"Kumi na moja."

"Ni la Baba Penina," Agnela alisema. "La mwezi wa tatu. Twende kituoni."

Walikwenda wote watatu, Penina akiwa katikati ameshikwa mikono miwili, akirukishwa kwenye madimbwi. Askari waliyemkuta alikuwa kijana mpole, akawapa benchi, akampa mtoto pipi. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akafungua faili, akanyoosha mkono. Akaligusa ganda, akalidondosha mezani, akapuliza vidole.

"Mama, hili ni la moto."

"Ndiyo, afande."

"Mimi haya nimeyasomea. Ganda likipigwa linapoa kwa dakika mbili tatu. Hili lina moto, maana yake limepigwa asubuhi hii. Marehemu amefariki mwezi wa tatu."

"Lina moto tangu mwezi wa tatu," Agnela alisema.

"Lingekuwa la mwezi wa tatu lingekuwa limepoa."

"Ndiyo hilo halipoi."

"Basi si la mwezi wa tatu." Aligeuza fomu ili wote waione. "Angalieni wenyewe. Hapa naandika tarehe, hapa namba, hapa hali ya kielelezo. Siwezi kuandika kitu ambacho hakipoi. Nikikipeleka juu wataniuliza mimi nilimpiga nani leo asubuhi."

Resiato aliomba alishike tena. Askari akamruhusu.

"Wewe mama," alimgeukia Agnela, "ulimwona mumeo akipiga?"

"Aliniambia."

"Sijakuuliza alikwambia nini. Ulimwona?"

Penina alikuwa akimwangalia, shavu moja limevimba pipi. Agnela alimwondolea kipande cha karatasi ya pipi kwenye kidevu.

"Sikumwona," alisema, na ilikuwa kweli.

Elieza aliitwa kwa simu, akaja na kibali chake kwenye bahasha ya nailoni. Askari akamuuliza kama amewahi kupiga mtu. Elieza alisema yeye kazi yake ni ngiri. Askari akaandika *ngiri*. Kisha akamwomba Resiato afungue ngumi, kwa sababu ganda ni mali ya mwenye kibali. Resiato alichukua muda. Askari hakumharakisha, alikuwa mpole. Elieza akatia saini ya kupokea, na akiwa mlangoni askari akamwita.

"Na uwe mwangalifu, mzee. Hicho kitu kinaunguza. Usikiache mtoto akakichezea."

"Sawa, afande."

Njiani Elieza hakugomba. Alimbeba Penina mabegani, akawa anahesabu kwa midomo. Walipofika alivuta kalenda, akaandika kwa muda mrefu, mpaka chai ya Agnela ikapoa na kulazimika kutumbukizwa ganda tena.

"Ng'ombe mmoja wa kawaida sasa hivi mnadani ni laki tisa," alisema. "Mara arobaini na tisa. Hebu piga wewe, wewe ndiye msomi."

"Sitaki."

"Piga tu."

Agnela alipiga. Alikuwa hawezi kuona namba mbili na asizizidishe. "Milioni arobaini na nne na laki moja."

"Sasa sikiliza. Kama nisingenunua mashine, ningeokota ganda la nini? Ningeliacha pale pale kwenye majani. Wangelipata limepoa, lina alama yangu." Aligonga kalenda kwa kalamu. "Milioni arobaini na nne na laki moja. Gawanya kwa bei ya mashine."

Ilikuja kumi na tano, na baki.

"Mara kumi na tano," alisema Elieza. "Na ulikuwa unanilaumu kwa ada yako."

"Kama usingenunua mashine," Agnela alisema, "saa ile ungekuwa umesharudi nyumbani."

Elieza alitafuta pa kuliandika hilo, kwenye kalenda yote, mbele na nyuma. Hapakuwa na nafasi. Wiki iliyofuata alimrudishia ile laki sita, noti zote mpya, zimefungwa kwa mpira. Agnela alikaa nazo usiku mmoja chini ya mto. Asubuhi alikwenda kulipa, na jioni yake akakaa dawati la mbele, akafungua daftari, akaandika tarehe kwa mwandiko mzuri.

Wazee wa ukoo walisikia habari za ganda la moto. Hawakulishangaa. Walisema wao hufuata karatasi ya serikali, na karatasi ilisema ngiri.

Resiato aliendelea kuleta maziwa. Alikuwa na wateja kumi na wawili Moshono, na nyumba ile ilikuwa ya kwanza njiani. Ila sasa hakuondoka mara moja. Aliingia, akakaa kwenye kigoda karibu na jiko lisilowashwa, akaweka viganja pande mbili za sufuria wakati maziwa yakipata moto, akafumba macho. Penina alikaa naye. Walikuwa marafiki. Penina alimwita koko, kama watoto wa Nduruma wanavyowaita bibi zao, na alimpangia maganda ya baridi sakafuni, akamwambia yupi ni monita.

Elieza aliwakuta hivyo siku mbili tatu kabla ya kwenda kazini. Usiku alisema, "Joto nalo lina gharama. Yule mama anaota bure kila siku."

"Elieza."

"Mimi nasema tu. Mwambie apunguze kidogo kwenye maziwa. Si lazima sana. Mia mbili."

Agnela alikaa siku nne bila kusema. Ya tano aliisema akiwa ameinama, akifagia pasipo na uchafu.

"Yeyo, Baba Penina anauliza kama… kwenye bei. Mia mbili hivi. Kwa ajili ya, hapa unapoota."

Resiato alifikiri. Alihesabu kwa Kimaasai, kwa vidole ambavyo sasa vilikuwa vimelainika na kupata rangi.

"Mia mbili naweza," alisema. "Ila tone la mtoto nitaendelea kuongeza. Hilo si la biashara."

Tangu hapo nusu lita ni elfu moja badala ya elfu moja na mia mbili. Elieza yuko kwenye risasi ya mia tatu na sita, na hubaki shambani mpaka giza liingie. Anasema mashine ikishajilipa, kinachofuata chote ni faida.

Leo saa kumi na moja, gizani, ting. Agnela hakulirudisha kwenye sinia. Alilifuata kwa nyayo mpaka mlangoni, akaliokota, na kwa kuwa lilikuwa limekaa pale likingoja, akafungua mlango. Nje Resiato alikuwa amekwisha fika, mapema kuliko desturi yake, dumu kichwani, pumzi yake ikionekana. Akaingia, akamimina nusu lita, akaongeza tone la juu. Agnela akatumbukiza ganda, likazama na kugonga chini ya sufuria. Resiato akakaa, akaizungushia sufuria viganja vyake, akafumba macho, midomo yake ikisogea kama anasimulia mtu habari za ng'ombe.

Penina alikuja akiburuta blanketi. Alisimama kwa ncha za vidole, akachungulia ndani ya sufuria, akaona povu likipanda kuzunguka kile kitu cha shaba. Akamgusa Resiato begani.

"Koko, maziwa yamechemka."